Nataka Kugombea Udiwani Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uchaguzi mkuu Unguja na Pemba huacha watu wazuri njiani kabla hata kura moja haijapigwa. Anayebaki nje mara nyingi anapendwa mtaani kwake, anajua kila mtaro unaoziba na kila nyumba yenye mgonjwa. Kinachomuangusha ni jina lililoandikwa vingine kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya chama aliyoichukua wiki ileile ya fomu, au mdhamini ambaye kumbe ameandikishwa wadi ya jirani. Uchaguzi mkuu wa mwisho ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025, na unaofuata ni wa 2030. Majibu haya tumemuandikia mtu ambaye 2030 anataka jina lake liwemo kwenye karatasi ya kura, na tunamuandikia sasa kwa sababu mengi ya hapa hayawezi kufanywa kwa wiki mbili za mwisho.

Udiwani ni kiti cha wapi hasa? Wadi, jimbo na shehia vinanichanganya.

Shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala, na inaongozwa na sheha. Shehia kadhaa zikikusanywa zinafanya wadi, na wadi ndiyo inayomchagua diwani. Wadi mbili au tatu zinafanya jimbo, na jimbo ndilo linalomchagua mwakilishi wa kwenda Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi na mbunge wa kwenda Dodoma. Kwa mgawanyo uliotumika katika uchaguzi wa 2020, Zanzibar ina majimbo 50 na wadi 110. Majimbo 32 yako Unguja na 18 yako Pemba.

Diwani akishinda anaingia kwenye baraza la wilaya yake. Wilaya zipo 11. Mkoa wa Mjini Magharibi una manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Kwa upande wa Pemba, Wete, Chake Chake na Mkoani wana mabaraza ya miji, na Micheweni ina halmashauri ya wilaya. Sheria inayoyasimamia mabaraza haya ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya Zanzibar, Namba 7 ya 2014. Ukiipata nakala yake, isome hata kwa kurukaruka. Wagombea wengi hawajawahi kuifungua, na hilo linaonekana siku ya kwanza ya kikao.

Novemba 2024 redio zote zilitangaza uchaguzi wa serikali za mitaa. Mbona huku kwetu haukufika?

Ule ulikuwa wa Tanzania Bara peke yake. Tarehe 27 Novemba 2024 Bara walichagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa pamoja na wajumbe wao. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake, na kwenye sheria hizo hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kuchaguliwa. Sheha huteuliwa, hapigiwi kura.

Jambo hili linawapoteza vijana wengi wanaojifunza siasa kupitia simu. Anasoma maelezo ya Bara, anajiandaa na masharti ya Bara, anauliza tarehe za Bara. Kwa Zanzibar, kiti pekee cha serikali za mitaa kinachokwenda kwenye sanduku la kura ni cha diwani wa wadi, na kinapigiwa kura siku ya uchaguzi mkuu, kila baada ya miaka mitano. Kikikupita hicho, unasubiri mitano mingine, labda utokee uchaguzi mdogo kwenye wadi yako. Ukikuta maelezo yanataja kata, kitongoji au mtendaji wa kijiji, ujue umeingia nyumba ya watu.

Nani anausimamia uchaguzi wa madiwani?

Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Tume hii inasimamia kura tatu: Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani. Kura nyingine mbili, ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na ya wabunge, ziko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ndiyo maana mpiga kura wa Zanzibar hupewa karatasi tano wakati ndugu yake wa Bara anapewa tatu.

Sheria ya kuiangalia ni Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar, Namba 4 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1984. Makao makuu ya Tume yako Unguja, Maisara. Kwa Pemba kuna ofisi Chake Chake, na wilayani wapo maofisa wa uchaguzi. Ingia ofisini uulize. Ni haki yako hata kama hujachukua kadi ya chama chochote.

Haya, nipe sifa zenyewe.

Uwe Mzanzibari. Uwe na umri unaotakiwa. Uwe umeandikishwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ujue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Uwe mwanachama wa chama cha siasa chenye usajili wa kudumu, na chama hicho kikusimamishe. Usiwe na zuio la kisheria.

Kwenye umri watu huchanganya namba. Miaka 18 ni ya kupiga kura. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inataka miaka 21 kwa mtu anayegombea uwakilishi na miaka 40 kwa anayegombea urais wa Zanzibar. Ikiwa siku ya uteuzi utakuwa umeshatimiza miaka 21, suala la umri liondoe kichwani, shughulika na mengine. Aliyezaliwa 2009 ataifikia 21 ndani ya mwaka 2030 wenyewe, kwa hiyo ahesabu kwa tarehe na mwezi. Mwaka peke yake haumtoshi.

Ninacho kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kuna haja ya kitu kingine?

Kitambulisho hicho ndicho mlango, kwa sababu bila yake huandikishwi kuwa mpiga kura. Kinatolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na huanzia kwa sheha wako, anayethibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia yake. Lakini hapa ndipo tunapowaomba watu wasimame kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Chukua karatasi zako zote uzitandaze juu ya mkeka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, kadi ya mpiga kura, cheti cha skuli, kadi ya chama. Soma jina herufi kwa herufi. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na majina yanajirudia katika ukoo. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Haji Juma Haji. Kwenye kitambulisho mwandishi ameandika Haji Juma Khamis, kwa sababu siku ile uliulizwa jina la ukoo ukataja la babu mkubwa. Cheti cha skuli kina Haji J. Haji. Kadi ya chama imeandikwa jina unaloitwa mtaani. Kwako wewe hao wote ni mtu mmoja. Kwa anayetaka kukuwekea pingamizi, hao ni watu wanne.

Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi waliandikishwa kwa kukisia, na wapo hata vijana ambao cheti kinasema Machi na kitambulisho kinasema Julai. Kusahihisha kunawezekana, lakini kunataka kiapo, barua, kwenda na kurudi. Mtu aliyeanza miaka miwili kabla atamaliza kwa utulivu. Aliyeanza mwezi wa uteuzi atakimbizana na foleni ya watu ambao nao wamekumbuka mwezi huohuo.

Nimezaliwa Tanga, nimekaa Mwanakwerekwe miaka mingi, nina biashara na watoto hapa. Naweza kugombea?

Kuwa Mtanzania hakutoshi kwa kiti hiki. Uzanzibari una sheria yake, Namba 5 ya 1985, inayotazama uraia, uzawa, wazazi na ukaazi. Mtanzania anayeishi Zanzibar ambaye hajatimiza masharti ya kuandikishwa na ZEC anaweza kuandikishwa na Tume ya Taifa na akapiga kura za Muungano, yaani Rais wa Jamhuri na mbunge. Kura ya diwani hapati, na asiyeweza kuipiga hawezi kuiomba.

Ikiwa mzazi wako mmoja ni Mzanzibari, usijikatie tamaa wala usisikilize maneno ya barzani. Nenda na vyeti vya wazazi kwa sheha, kisha ofisi ya usajili ya wilaya, upate jibu la maandishi.

Naweza kusimama bila chama?

Hapana. Mgombea binafsi haruhusiwi Tanzania kwa kiti chochote, na udiwani umo. Suala hili limepiganiwa mahakamani kwa miaka mingi na marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema ni jambo la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Sheria haijabadilika.

Kwa maoni yetu zuio hili linawagusa watu wa wadi kuliko wagombea wa juu. Rais hawezi kutenganishwa na sera za chama. Diwani anashughulika na taka, taa na marikiti, na mtaa unaweza kabisa kumtaka mtu ambaye hana kadi ya mtu. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na mgombea anajipanga kwa sheria iliyopo.

Basi sisi watu wa wadi tuanzishe chama chetu kidogo?

Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya 1992, haikubali chama cha sehemu moja. Ili kisajiliwe, chama kinatakiwa kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua 10 ya Jamhuri ya Muungano, na kati ya hiyo angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Chama cha Wazanzibari peke yao hakisajiliki, seuze cha wadi.

Ndani ya chama mambo yanakwendaje?

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo kwa wadi nyingi. Kila chama kina katiba yake na kanuni zake za kupata wagombea. Kwa kawaida unachukua fomu ya chama, unairudisha, wanachama wanapiga kura za maoni, kisha vikao vya juu vinajadili na kuteua. Kuongoza kura za maoni hakumaanishi kwamba umeteuliwa. Vikao vina mamlaka ya kumpitisha wa pili au wa tatu, na vimewahi kufanya hivyo katika vyama vyote vikubwa.

Ndiyo maana kadi ya juzi haisaidii. Wanachama wanataka kumjua mtu aliyelipa ada, aliyehudhuria vikao vya tawi, aliyeshika ndoo kwenye maziko na harusi za watu wasiokuwa ndugu zake. Omba nakala ya katiba ya chama chako na kanuni za uteuzi. Soma kipengele cha muda wa uanachama na kipengele cha rufaa. Ukitendewa isivyo, rufaa ya ndani ina siku zake. Zikipita, malalamiko yako yanabaki kuwa hadithi ya kahawani.

Na jambo moja tuliseme wazi. Yeyote anayekuomba fedha ili jina lako lipite, au anayekushauri ugawe vitenge na noti kwa wajumbe, anakuingiza kwenye kosa. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar, ZAECA, ina ofisi Unguja na Pemba na inapokea taarifa. Diwani aliyenunua kiti ataanza kazi akiwa na deni, na deni hilo litalipwa na wenye meza za marikiti na wenye vibanda.

Mimi ni mwalimu wa serikali. Na kaka yangu yuko KMKM. Tunaweza?

Kaka yako, hapana, mpaka aache kazi kwa utaratibu. Askari wa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), yaani KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto na KVZ, wamekatazwa kujishughulisha na siasa za vyama. Wao hupiga kura tu. Polisi na wanajeshi ni vivyo hivyo.

Wewe mwalimu unafungwa na kanuni za utumishi wa umma. Zungumza na afisa utumishi wako kabla ya kuchukua fomu ya chama, na makubaliano yote yawe kwa barua yenye muhuri. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkuu wa skuli haina uzito mbele ya msimamizi wa uchaguzi.

Lazima niwe na kidato cha nne?

Sheria inataka kusoma na kuandika. Haitaki cheti cha kidato chochote.

Hata hivyo, kusoma kwenyewe kuwe kwa kweli. Diwani anapewa makisio ya bajeti yenye kurasa nyingi za tarakimu, na kikao hakimsubiri. Wapo kina mama waliosoma skuli za watu wazima wanaoisoma bajeti vizuri kuliko wenye shahada, kwa sababu wamezoea kuhesabu fedha za hisa na za biashara zao.

Fomu ya Tume inajazwaje? Wadhamini ni nani?

Chama kikishakuteua, unachukua fomu ya uteuzi ya ZEC kwa msimamizi wa uchaguzi, katika tarehe zilizotangazwa. Fomu ina maelezo yako, saini ya chama na nafasi ya wadhamini, ambao ni wapiga kura walioandikishwa.

Hebu fikiria meza ya kujazia fomu. Umewaita majirani jioni, kila mmoja na kadi yake. Mzee wa nyumba ya kona anatia saini. Bibi wa duka la mkabala naye anatia. Wote wanakujua tangu utotoni. Lakini mpaka wa wadi unapita katikati ya ile barabara, na bibi wa duka ameandikishwa upande wa pili. Mdhamini mwingine alihamia kwa mwanawe Fuoni, na uandikishaji wake ukamfuata huko. Wa tatu ameshamdhamini mgombea mwingine kwa sababu hapendi kumnyima mtu. Karatasi yako tayari ina matobo matatu, na mwenyewe unaiona nzima.

Kwa hiyo soma kadi ya kila mdhamini mwenyewe, tazama shehia na kituo, na nakili namba huku ukiitamka kwa sauti na mwingine akifuatilia kwa macho. Tafuta wadhamini zaidi ya idadi inayotajwa kwenye fomu kama fomu inakupa nafasi. Tumia kalamu ya rangi moja. Usifute kwa wino mweupe. Ukikosea omba fomu nyingine. Piga kopi ya kila ukurasa kabla ya kurudisha. Malipo yoyote unayotakiwa kutoa, dai risiti. Na usirudishe fomu saa ya mwisho ya siku ya mwisho: ukirudisha asubuhi na ikaonekana kasoro, unayo mchana ya kuirekebisha.

Nikiwekewa pingamizi?

Usikasirike, jibu kwa maandishi. Baada ya uteuzi fomu hubandikwa hadharani, na watu waliotajwa na sheria wanaweza kupinga uteuzi wako, kama wewe unavyoweza kupinga wa mwenzako. Msimamizi husikiliza pande zote na kuamua, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa Tume. Muda wa hatua hizi huhesabiwa kwa saa na siku chache sana, kwa hivyo kuwa na mtu wa sheria unayemjua kabla. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba, na wasaidizi wa sheria wamo katika wilaya zote. Namba ya simu ya mmoja wao iwe kwenye simu yako siku ile.

Niliwahi kuhukumiwa. Nimefungiwa mlango?

Inategemea kosa, adhabu na muda uliopita. Makosa yanayohusu uaminifu, kama wizi, kughushi, ubadhirifu na rushwa, ndiyo yanayomzuia mtu. Chukua nakala ya hukumu mahakamani, umuoneshe wakili. Kuficha hakusaidii, maana kwenye wadi kila mtu anajua.

Mimi ni mwanamke. Nichukue fomu ya wadi au nisubiri viti maalum?

Mabaraza yana madiwani wanawake wa viti maalum, na ni njia halali iliyowaingiza wengi. Lakini swali hili tunaulizwa mara nyingi na wanawake ambao tayari ndio viongozi wa mitaa yao: wenye vikundi, wanaosuluhisha ugomvi, wanaoitwa kabla ya daktari. Kwa mtu kama huyo jibu letu ni: chukua fomu ya wadi.

Sababu ni hii. Diwani wa viti maalum anategemea orodha ya chama, na orodha hiyo inaweza kubadilika mwaka wowote wa uchaguzi bila yeye kuulizwa. Diwani wa wadi ana wapiga kura wake. Siku anaposimama kudai mtaro wa Jang'ombe au njia ya Kengeja, kila mtu kikaoni anajua amesimama na nani nyuma yake.

Vikwazo tunavijua. Mikutano ya chama huwekwa baada ya isha, na mume au kaka anaulizwa na watu kama amemruhusu. Maneno ya aibu husambazwa kwenye makundi ya simu. Fedha ya nauli ya kuzunguka wadi haipo. Jumuiya za TAMWA Zanzibar (ya waandishi wa habari wanawake), ZAFELA (ya wanasheria wanawake) na, kwa Pemba, PEGAO zimekuwa wakiwafundisha wanawake wanaotaka uongozi namna ya kuzungumza mbele ya watu, kupanga kampeni na kujibu maneno. Watafuteni mapema, na mwende wawili watatu pamoja. Matusi ya simu yahifadhini kwa picha ya kioo cha simu, yenye tarehe na namba, mkaripoti. Na wazee wetu wa kiume wanaosoma hapa: tunaomba kikao cha tawi kiwekwe alasiri. Ni jambo dogo kwenu, na kwake ndilo linaloamua kama atakuwepo.

Nina ulemavu wa macho.

Ulemavu si zuio. Mueleze msimamizi mapema msaada unaouhitaji wakati wa kujaza fomu na kwenye kikao cha pingamizi, na umchague mwenyewe mtu wa kukusomea.

Diwani anafanya nini hasa? Watu wananiomba ada za skuli na mabati.

Watakuomba tu, na si dhambi kumsaidia jirani. Lakini kazi uliyoiomba iko kwenye baraza. Madiwani wanapitisha bajeti ya baraza na sheria ndogo, wanajadili ada za marikiti na leseni za biashara, wanasimamia usafi, uzoaji wa taka, maeneo ya wazi na maziko, na wanamhoji mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Ni madiwani wenyewe wanaomchagua meya au mwenyekiti kutoka miongoni mwao.

Mfano mdogo: taka. Gari ikikosa mafuta, taka za mitaa ya ng'ambo hazifiki jaa la Kibele. Zinabaki pembeni ya skuli, mvua za masika zinazisukuma mtaroni, na maji yanaingia majumbani. Mwananchi anamlaumu dereva wa gari. Diwani anayejua kazi yake anafungua kitabu cha bajeti, anatafuta fungu la mafuta, anauliza limetumika wapi, na anataka jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mtu anayeweza kufanya hivi bila woga ndiye tunayemtaka. Malipo yake ni posho, kwa hiyo asiyekuwa na shughuli nyingine ya kumlisha afikirie vizuri.

Usitegemee pia kugawana madaraka na vyama vingine barazani. Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani ya vyama kugawana madaraka, iliyotokana na kura ya maoni ya Julai 2010, inahusu ngazi ya makamu wa Rais na mawaziri tu. Kwenye baraza la wilaya chama chenye viti vingi ndicho kinachotoa meya, na diwani wa chama chenye viti vichache anashinda hoja kwa hoja.

Matatizo ya kura ya urais yanaweza kugusa kiti changu?

Yamewahi. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulitangazwa kufutwa tarehe 28 Oktoba, na kura za Rais wa Zanzibar, wawakilishi na madiwani zikarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Waliokuwa wamekwishajua wameshinda wadi zao walirudi mwanzo. Hifadhi fomu za matokeo za vituo vyako vyote, zenye saini za mawakala, mahali pakavu na salama.

Kwa hiyo chagua mawakala kwa uangalifu: watu wanaosoma vizuri, wasioondoka kituoni kwa njaa wala kwa hasira. Kumbuka pia kura ya mapema. Imeingizwa na sheria ya 2018 na hupigwa siku moja kabla na watu watakaokuwa kazini siku ya uchaguzi, wakiwemo watendaji wa Tume na askari. Mwaka 2020 ilikuwa tarehe 27 Oktoba, mwaka 2025 tarehe 28. Wakala wako awepo siku hiyo pia.

Nikishinda kisha nikahama chama?

Unapoteza kiti, kwa kuwa uliingia kwa udhamini wa chama. Hata ukifukuzwa uanachama ni hivyohivyo, na wadi inarudi kwenye uchaguzi mdogo.

Nianze na nini wiki hii?

Tandaza zile karatasi juu ya mkeka, uandike kila tofauti unayoiona. Nenda kwa sheha uhakikishe shehia yako iko wadi gani, maana mipaka hupitiwa upya na Tume na wadi uliyozaliwa inaweza isiwe uliyomo leo. Uandikishaji wa wapiga kura ukifunguliwa, hakiki jina lako siku za mwanzo, na uwahimize wale unaotarajia wawe wadhamini wako wahakiki ya kwao. Kama una kadi ya chama, lipa ada unazodaiwa na uchukue risiti. Kama huna, amua. Halafu hudhuria kikao kimoja cha baraza la wilaya yako kama msikilizaji. Omba nafasi kwa katibu wa baraza, kaa nyuma, chukua daftari, uandike diwani wa wadi yako alisimama mara ngapi na alisema nini.